Ngozi ya Beberu wa Mahari

Butiama,
6 Agosti 1984

Mke wangu Justina,

Mimi sijambo, jogoo wako hajambo, na lile jiko lako la udongo limepasuka upande mmoja. Usiniulize namna. Wewe unaendeleaje huko kwa wazazi? Huyo aliye tumboni anakuachia nafasi ya kulala, au ameshaanza ukorofi wa kwenu?

Nina habari mbaya na habari nzuri. Mbaya ni kwamba feni imekufa. Unaikumbuka feni ya mkono ambayo marehemu baba aliipata kule mgodini Kiabakari, ile ya kuzungusha ili moto upate upepo? Gurudumu lake la meno limekatika ndani. Nimeibeba begani mpaka Musoma kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Dada Dafroza amenizungusha nayo mji mzima. Wenye maduka wanaitazama feni, wanazitazama rafu zao tupu, halafu wananipa pole. Mmoja aliniuliza kama huko Butiama tuna sabuni, maana yeye hana.

Habari nzuri ni kwamba nimeishusha mivukuto ya babu. Ni ile iliyokuwa inaning'inia juu ya jiko, ambayo siku ya kwanza ulipoingia humu ulidhani ni ngoma mbili. Babu aliivukutia moto maisha yake yote, na baba pia, mpaka feni ilipokuja ikaonekana mivukuto ni ushamba. Mti wake bado mzima, Justina! Yale mabakuli mawili aliyoyachonga babu hayana hata ufa. Nimeyaosha na kuyapaka mafuta, yamekuwa mekundu kama siku yalipochongwa. Kewa, ule mdomo wa udongo unaoingiza upepo motoni, nimefinyanga mpya. Ngozi ya mvukuto wa kulia inalainika polepole kila nikiisugua. Ya kushoto ndiyo imekwisha. Panya wameila mpaka kwenye mshono, nikiweka kiganja juu yake upepo unanipita katikati ya vidole.

Na watu wananisubiri. Hapa uani pamejaa springi za malori na vyuma chakavu ambavyo kila mtu ameleta ili afuliwe jembe. Duka la kijiji halijaona jembe tangu mwaka jana, na mvua zikianza nikiwa bado nahangaika na panya, sijui nitawatazama vipi.

Ila usijali, ngozi nimeshajua pa kuipata. Nitamwandikia baba yako kumwomba kitu kidogo. Wewe usimwambie ni cha nini. Siku nakuleta alinionya kwamba hataki kusikia habari za moto na chuma uani kwake mpaka utakapojifungua, anasema ni mwiko, nami nimeshika adabu. Nitaomba bila kutaja kazi.

Wako anayekula ugali mbichi,
Wence


Butiama,
8 Agosti 1984

Kwa Baba Mkwe, Mzee Kija,
Kunzugu, Bunda.

Shikamoo Baba. Nifikishie shikamoo yangu kwa Mama. Natumaini mmevuna pamba vizuri pamoja na ukame huu, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tupo, tunavumilia kama watu wote.

Baba, nina ombi moja na si kubwa. Katika mifugo niliyoitoa kwako kwa ajili ya Justina yumo beberu mweusi, mwenye sikio lililochanika. Naomba unirudishie huyo mmoja. Wengine wabaki kwanza. Namhitaji kabla mvua hazijaanza. Sababu nitaeleza tukionana.

Ryoba, dereva wa lori la pamba, atapita kwako akirudi huku. Unaweza kumpa yeye. Afungwe kamba vizuri, maana ni mkorofi.

Nakushukuru sana, na nakutakia afya njema.

Ni mimi mkweo,
Wenceslaus Burito


Kunzugu, Bunda
18 Agosti 1984

Mume wangu Wence,

Habari za feni nimezisoma nikacheka mpaka mtoto akanipiga teke. Kuhusu jiko, nitakuuliza namna, tena nitakuuliza mbele ya dada Dafroza.

Mimi mzima kabisa. Mama ananilisha kama ng'ombe wa mnada. Hata ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, nimeuzoea, na miguu imeacha kuvimba. Mkunga amesema ni mwezi ujao.

Lakini Wence, umemwandikia nini baba? Siku Ryoba alipoleta barua yako alifurahi sana. Unajua anavyopendaga kuandikiwa. Tangu amalize elimu ya watu wazima anasoma hata karatasi za kufungia chumvi. Akaenda kuisomea zizini, peke yake, kama kawaida yake. Jioni yake alianza kuitenga mifugo. Ng'ombe ulioleta wewe amewaweka upande wao, na mbuzi upande wao. Yule beberu mweusi amefungwa peke yake kwenye nguzo ya ghala la pamba, na mtu yeyote akimsogelea baba anakohoa.

Mama naye kila akiniona anafuta macho kwa khanga. Nikimuuliza anasema ni moshi. Moshi wa wapi, wakati jiko halijawashwa?

Nina wasiwasi kwamba baba anaumwa na wananificha. Au mifugo ina ugonjwa, ndiyo maana anaitenga. Kama unajua kitu niambie, mimi si mtoto.

Nakukumbuka. Juzi fundi wa baiskeli alikuwa anagonga ringi barabarani, nikageuka kutazama kama ni wewe.

Mkeo,
Justina


Kunzugu, Bunda
20 Agosti 1984

Wenceslaus Burito,

Shikamoo yako nimeiona. Sijui kama bado ni mimi ninayepaswa kuiitika.

Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, na nilifurahi sana siku nilipoweza kusoma jina langu. Sasa nimesoma hivi: "Unirudishie huyo mmoja. Wengine wabaki kwanza." Hilo neno "kwanza" nimelisoma nimekaa, nimelisoma nimesimama, nikalipeleka juani nikidhani macho yangu yamekosea. Halibadiliki.

Wewe si mtoto. Unajua kwamba mtu akitaka kumwacha mke wake anadai mahari yake. Anayeona haya kudai mifugo yote anaanza na mmoja, wengine wanabaki kwanza. Umedai kwa barua. Hukumtuma mshenga, hukumtuma mzee hata mmoja wa kwenu, umemtuma dereva wa lori, na binti yangu ana tumbo kubwa namna hii. Halafu sababu unaificha. Ni sababu gani hiyo ambayo mtu anaionea haya kuiandika?

Nilipokupa Justina watu wa hapa walinisema sana kwamba namtupa mtoto kwa wafua chuma. Mimi niliwajibu kwamba kijana huyu ana mikono na ana heshima. Niliwajibu hadharani, kwenye kilabu cha pombe. Leo napita njia ya nyuma nikienda shambani.

Basi mmoja sitoi. Nikitoa natoa wote, na nimeshawatenga. Pamba ikishauzwa mlete mshenga wako Clementi pamoja na wazee wenu, waje wahesabu. Justina harudi Butiama. Na kwa kuwa mahari itakuwa imerudi, mtoto atakuwa wa nyumba hii na atapewa jina la nyumba hii.

Justina hajaambiwa. Nataka ajifungue akiwa na moyo mtulivu. Na wewe usithubutu kumwandikia.

Kija


Musoma,
25 Agosti 1984

Wence mdogo wangu,

Ryoba ameniletea barua ya mkweo pamoja na hiyo ya kwako iliyolowa, sijui ni jasho, sijui ni machozi. Nimezisomea sokoni, kwenye meza yangu ya dagaa, nikapiga ukelele mpaka wateja wakadhani nimeumwa na nge.

Hivi wewe kichwa chako ulikiweka wapi? Mtu mzima, mke yuko kwao ana mimba, unachukua kalamu unaomba kurudishiwa mbuzi wa mahari! Ungeomba mbuzi tu, mbuzi yeyote, mzee angenung'unika akakupa. Ungesema unataka kumnunua, angekutajia bei ya kichaa mkaelewana. Wewe ukaandika "unirudishie". Tena ukaongeza "wengine wabaki kwanza", ukidhani unaonyesha adabu! Mimi dada yako ningesoma hivyo ningeanza kukutafutia mke mwingine.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza nilipokuwa nakubeba mgongoni. Clementi usimtume. Mzee akimwona mshenga anatokea njiani ataanza kufungua zizi kabla hata hajamsalimu. Na wewe mwenyewe usiende. Mkwe aliyedai mahari hakanyagi ua mpaka neno lake lifutwe. Ukienda utafukuzwa mbele ya Justina, na yeye kwa hali aliyo nayo hapaswi kuona hayo.

Andika. Mweleze yote, mivukuto, panya, feni na moto, hata kama hapendi kusikia habari hizo. Umejificha nyuma ya adabu mpaka umeonekana mwizi. Na huyo mbuzi usimwombe tena. Ukimwomba nitapanda lori nije nikuchape na mwiko mbele ya wateja wako.

Nimekutumia sato wa kukausha. Kula, maana najua tangu juzi huli.

Dada yako,
Dafroza


Butiama,
28 Agosti 1984

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaitika.

Simwachi Justina. Nimeanza na hilo ili ukichoka kusoma uwe umeshalisoma. Nampenda binti yako. Tangu nimlete kwako nazunguka ndani ya nyumba nikitafuta chumvi ambayo iko mbele ya macho yangu. Sikuwaza kumwacha hata siku moja, na barua yako ilipofika niliketi chini kwenye majivu.

Sababu niliyoificha ni kazi yangu. Uliniambia nisilete habari za moto uani kwako mpaka Justina ajifungue, nami nikaona hata kukuandikia wewe ni kuzileta. Feni yangu imevunjika na kifaa hakipatikani. Nimeamua kuirudisha mivukuto ya babu yangu. Mvukuto wa kulia bado una ngozi nzuri, wa kushoto umeliwa na panya. Mivukuto hufanya kazi miwili miwili, Baba. Mkono huu unashuka, ule unapanda, na moto haupati nafasi ya kusinzia. Ngozi zikiwa tofauti, moja nzito na moja nyepesi, upepo unakuwa wa kushtuka shtuka, chuma kinaiva upande mmoja na jembe linapasuka likigonga jiwe.

Ngozi ya kulia ilitokana na mbuzi weusi wa babu. Baba aliwatunza kwa sababu hiyo, wana ngozi nene shingoni na laini tumboni. Beberu niliyekupa ndiye wa mwisho wa ukoo huo. Nilikupa yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa bora niliyekuwa naye. Na lazima achunwe bila kupasuliwa tumbo, avuliwe ngozi nzima kama shati, kwa sababu upande mmoja wa ngozi unafungwa kwenye bakuli la mti na wa pili unafungwa kwenye kijiti cha kushikia. Mbuzi wa buchani wote wamepasuliwa. Ndiyo maana nilimtaka akiwa hai.

Sasa simtaki tena. Abaki kwako pamoja na ng'ombe na kila chenye kwato. Mivukuto nitaitundika ilipokuwa. Watu nitawarudishia vyuma vyao, na mimi nitakwenda kisiwani Rukuba kuvua samaki na shemeji yangu, mume wa dada Dafroza, mpaka feni ipone. Lakini Justina na mtoto, Baba, nawaomba. Nilikosea kuandika. Sikukosea kuoa.

Mkweo, kama bado,
Wenceslaus


Kunzugu, Bunda
4 Septemba 1984

Mkwe Wenceslaus,

Marahaba. Usije ukasema sikuitika.

Barua yako nimemsomea mama Justina kwa sauti. Nilipofika kwenye chumvi alicheka, nilipofika kwenye majivu akalia, halafu akaenda kupika, jambo ambalo alikuwa analifanya kwa shida. Kwa hiyo tumekula vizuri. Mifugo nayo nimeichanganya tena, ilikuwa inanisumbua kuilinda mafungu mafungu.

Mimi si mtu wa hasira, wewe mwenyewe unanijua. Ila beberu sikupi. Majirani walishaona nimemfunga peke yake, na wengine walianza kuja kuomba chumvi ili wachungulie. Wakimwona anapanda lori kwenda Butiama, habari itafika Bunda mjini kabla ya lori kwamba Kija amerudisha mahari. Mbuzi wa mahari hawezi kurudi alikotoka na miguu yake, hilo hata uniandikie vitabu. Kwa hiyo hivyo vitu vyako vitundike.

Kuna jambo dogo nataka kulijua, kwa ajili ya elimu tu. Umesema mbuzi anavuliwa kama shati. Mimi nimechuna mbuzi tangu ujana wangu na sijamwona hata mmoja akivuliwa shati. Anaanziwa wapi? Na miguu ya mbele inatokaje? Eleza polepole, kama mwalimu wetu wa watu wazima alivyokuwaga anaeleza.

Justina bado hajui kitu. Asijue mpaka ajifungue, maana atatucheka wote wawili.

Baba mkwe wako,
Kija


Butiama,
9 Septemba 1984

Baba yangu,

Shikamoo, na asante kwa marahaba. Nimeisoma hiyo tu kwanza, nikaenda kunywa maji, halafu nikarudi kusoma iliyobaki.

Kwa ajili ya elimu: mbuzi anatundikwa kwa miguu ya nyuma, kichwa kikielekea chini. Kisu kinapita ndani ya paja hili, chini ya mkia, mpaka paja lile. Baada ya hapo kisu kinawekwa mbali kabisa. Kinachofanya kazi ni ngumi. Unaisukuma kati ya ngozi na nyama, polepole, huku mkono mwingine unavuta kuelekea chini. Kwenye tumbo usiwe na haraka, pale ngozi ni nyembamba na tundu dogo tu linaharibu yote. Miguu ya mbele unaivuta kwa ndani, kama mtoto anapotolewa mikono kwenye fulana. Inakatwa shingoni, chini ya taya, na ngozi inabaki imegeuka nje ndani. Inatiwa chumvi siku hiyo hiyo.

Ila siku hizi chumvi yenyewe ni ya kutafuta, kwa hiyo ni maelezo tu.

Mwanao,
Wenceslaus


Kunzugu, Bunda
24 Septemba 1984

Baba Burito,

Ndiyo, wewe. Umesoma vizuri. Ni mvulana, amezaliwa Jumatano asubuhi, ana mapafu ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mimi mzima, nimechoka tu, na nimeshaambiwa yote. YOTE, Wence! Mama alianza kunisimulia hata kabla sijapewa uji. Nimewacheka wewe na baba mpaka mkunga akanikataza, akasema nitajiumiza. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu nilimkumbuka beberu kwenye nguzo na mimi nikimpelekea majani, sijui kwamba amebeba ndoa yangu.

Sasa nikusimulie ya jana. Baba alitangaza kwamba mjukuu lazima achinjiwe. Majirani wote wakaitwa, hata wale wa kuchungulia. Akasema atakayechinjwa ni beberu mweusi. Akachinja. Halafu akamtundika kwenye mti nyuma ya ghala, akamfukuza kila mtu, akatoa barua yako mfukoni na kuibandika kwenye gome la mti kwa miiba. Tulikuwa tunamsikia tu. Kusukuma, kupumua, kimya, halafu "polepole, polepole", anajisemesha mwenyewe. Mjomba alikwenda kumsaidia akarudishwa kwa maneno makali. Nyama ilichelewa mpaka wageni wakaanza kutazamana.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho, ameishika ngozi juu kwa mikono miwili, nzima, haina tundu. Nimemwona baba akiuza pamba ya daraja la kwanza, nimemwona akipokea cheti cha kusoma, lakini sijamwona na uso ule. Mama akaingia chumbani akatoka na chumvi yake yote, ile aliyokuwa ameificha kwenye chungu tangu mwezi wa tano, akaimimina humo.

Ukafika wakati wa jina. Mama alikuwa ameniambia baba alivyokuwa ameapa. Alimchukua mtoto, akamtazama, akawatazama majirani, akasema: "Huyu ni Burito. Babu yake alikuwa mfua chuma." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ngozi anakuletea Ryoba. Baba amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: kilichoondoka hapa si mbuzi, ni ngozi. Mbuzi tumemla sisi.

Njoo utuchukue mivukuto ikishapumua. Baba anasema usije kabla, atakuuliza habari zake.

Mama Burito,
Justina


Butiama,
14 Oktoba 1984

Baba yangu, Mzee Kija,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Mpe Burito kidole akishike kwa niaba yangu.

Nimefungua ule mzigo mbele ya watu waliokuja kuulizia majembe yao, na mzee mmoja aliyemfahamu babu aliishika ngozi akauliza ni mhunzi gani wa Bunda aliyeichuna. Nilimwambia si mhunzi, ni mkulima wa pamba. Hakuamini. Baba, ngozi haina hata mkwaruzo. Baba yangu mzazi aliwahi kutoboa mbili kabla ya kupata moja.

Kwa kuwa umefanya kazi ile kwa mikono yako, nakueleza iliyofuata. Niliiosha chumvi, nikaikwangua manyoya, ila pale shingoni nikaacha machache, mtatambuana. Nikaipaka samli na mafuta ya nyonyo, nikaisugua kwa mikono na magoti kila siku mpaka ikawa laini kama kitambaa. Niliivalisha bakuli la kushoto ikiwa na unyevu, nikaizungushia ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ukanda huo unapokauka unabana wenyewe, hakuna msumari unaoshika hivyo. Dada Dafroza alikuja kuangalia kama nakula, akaishia kunishikia ukanda.

Nilipoketi katikati na kushika vijiti niliogopa. Nikashusha wa kulia, nikashusha wa kushoto. Mwanzo wa kushoto ulikuwa unakoroma. Nikaongeza samli kwenye shingo, nikajaribu tena, na yote miwili ikaanza kwenda pamoja, huu ukitoa, ule ukivuta. Moto ukawa mweupe. Baba, nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Jembe la kwanza analo Ryoba, ni lako. Limetoka kwenye springi ya lori ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiweka, si ya mteja. Mpini utatia wewe, unajua urefu wako. Jumamosi nakuja na dada kumchukua Justina na mtoto, na nikifika nitasimama nje ya ua mpaka uniite.

Mwanao,
Wenceslaus


Kunzugu, Bunda
14 Septemba 1986

Mkwe wangu Wenceslaus,

Salaam zako na za Justina tumezipata, na sukari imefika. Siku hizi sukari imekuwa ya kutumiana kama barua! Juzi nilikuwa Bunda mjini sikuamini macho. Sabuni zimepangwa mpaka dari, vitambaa, betri, na majembe kutoka ng'ambo yamewekwa mpaka mlangoni, yamebandikwa karatasi za rangi. Muuzaji akaniita, mzee, chukua jembe. Nikamwambia ninalo, mkwe wangu amenifulia. Halafu nikanunua moja, usinune, ni la mama Justina la bustani, alipenda ile karatasi.

Ryoba anasema na kwako wanaotaka majembe wamepungua, sasa unatengeneza plau na vyuma vya mikokoteni, na kwamba mivukuto haijapumzika. Vizuri. Chuma hakiwezi kukosa cha kuvunjika.

Nilipokuja mwezi wa sita nilikaa kwenye kile kigoda karibu na moto mchana kutwa, na ninyi mkadhani nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka. Nilimtambua beberu wangu kwenye shingo, pale ulipoacha manyoya. Ulipotoka kwenda kupokea wateja nilishika vijiti nikavukuta kidogo, na Burito akaja akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, tukavukuta wote. Siku ile sikusema. Nilifurahi sana, nakwambia sasa.

Baada ya hayo, nina ombi moja na si kubwa. Katika watu wa nyumba yangu walioko kwako yumo mmoja mweusi, mwenye masikio makubwa, ambaye Justina ameandika kwamba ameacha kunyonya. Naomba unirudishie huyo mmoja. Wengine wabaki kwanza. Namhitaji kabla mvua hazijaanza. Sababu nitaeleza tukionana.

Ryoba atapita kwako Alhamisi akija huku. Unaweza kumpa yeye. Asifungwe kamba, hata kama ni mkorofi.

Babu yake,
Kija